Kijiti cha Ndani ya Fidla

Migori,
Jumapili, 14 Januari 2024

Kwa Baba mkwe, Mwalimu Ogeto,

Pokea salamu kutoka kwetu sote watatu. Mwanao Motari yuko salama na biashara yake ya samaki wa omena inakwenda. Mjukuu wako Nyasuguta amepona kile kikohozi cha Krismasi na sasa anatumalizia sukari. Mimi pia sijambo. Tunaomba goti la Mama liwe limetulia, na wewe mwenyewe uwe na nguvu.

Baba, nisamehe kwa kukuandikia. Katika miaka sita tangu niolewe, nadhani nimekuambia maneno yasiyozidi hamsini, na mengi kati ya hayo ni "ndiyo, Baba". Hatupeani mkono, hatuketi chumba kimoja, na nikikupigia simu wewe husikii vizuri nami napotewa na sauti. Motari ndiye aliyeniambia, "Mwandikie. Barua ataisoma mara tatu, kisha airekebishe kwa kalamu nyekundu." Basi nakuandikia, na kwa Kiswahili, kwa sababu Kikuria chetu na Kigusii chenu vinafanana kiasi cha kutudanganya.

Nina ombi. Unajua nilisoma kwa masista kabla ya kuja kwenu Wasabato. Aliyenifundisha muziki ni Sista Valentine, na nilipomaliza kidato cha nne alinipa fidla yake. Mwezi uliopita Nyasuguta alivuta kitambaa kilichokuwa juu ya kabati, fidla ikaja nacho chini. Daraja linaloinua nyuzi limevunjika, na kigingi kimoja kimepasuka.

Tarehe 9 Juni Sista anatimiza miaka hamsini ya nadhiri zake, na sherehe itafanyika hapa Migori. Ameniandikia kwamba hataki zawadi. Anataka nimpigie fidla ileile. Nimemwahidi. Hapa hakuna fundi wa fidla, na yule wa Nairobi amesema niiache kwake hadi Agosti. Motari anasema mtu aliyetengeneza obokano zenu za nyuzi nane miaka arobaini hawezi kushindwa na ubao wenye nyuzi nne.

Motari ataileta Jumanne. Nimemkataza asiilaze juu ya magunia.

Mkaza mwana wako,
Mellen


Kendu Bay,
Jumapili, 28 Januari 2024

Mpendwa Mellen, mama Nyasuguta,

Salamu zako zimefika, nasi tunazirudisha zikiwa zimeongezeka. Goti la Mama Bitutu linauma asubuhi na kupona saa za kwenda sokoni. Mimi ni mzima, isipokuwa masikio, nayo nitayaeleza baadaye. Barua yako ilinuka omena, lakini haikuwa na kosa hata moja. Kalamu yangu nyekundu imebaki bila kazi.

Kazi yako nimeimaliza. Kabla sijakurudishia, niache nikueleze nilichokiona, maana mimi nikipata jambo la kueleza nisilieleze, chakula hakishuki.

Obokano yetu unaijua kwa macho: bakuli la mti, ngozi ya ng'ombe juu yake, mikono miwili, mti wa kukingama, nyuzi nane. Zamani nyuzi zilitoka kwenye mishipa ya ng'ombe. Siku hizi nanunua nailoni kwa Omondi, anayewauzia wavuvi wa kisiwa cha Remba, na nailoni inayomvuta mbuta wa kilo ishirini haishindwi na wimbo. Sisi tunataka uzi uguse kidogo mahali fulani ili ungurume. Obokano isiyonguruma ni ya mtoto kuchezea.

Nilipokuja kufundisha hapa mwaka 1973, palikuwa na Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa, mzee Jivraj. Saa kumi na moja jioni alifunga duka na kupiga sitar. Ile ina bakuli la boga kavu na shingo ndefu kuliko mkono. Daraja lake limechongwa kwa makusudi ili uzi uguseguse na kutoa mngurumo. Niliposikia nilicheka peke yangu: mtu ametoka ng'ambo ya bahari, na anatafuta sauti ileile wanayoitafuta wazee wa Kisii! Na chini ya nyuzi zake za juu kulikuwa na nyuzi nyingine ambazo hakuzigusa kamwe. Ukipiga uzi wa juu, ule wa chini wenye sauti ileile unatetemeka wenyewe. Usiowekwa katika sauti ile unakaa kimya kana kwamba haukuitwa. Jivraj alinishika kidole akakiweka juu yake nihisi. Sijasahau.

Fidla yako ni ya ukoo mwingine. Haitaki mngurumo hata kidogo. Inataka sauti isiyo na mchanga. Lakini nikasema moyoni, tofauti hizo zote ziko nje. Ndani, zote tatu ni sawa. Bakuli la obokano ni tupu, boga la sitar ni tupu, na ule utupu ndio unaosema.

Basi nilizitoa nyuzi zote kwa pamoja, kama nifanyavyo kwa obokano, ili nifanye kazi bila kubanwa. Mara nikasikia kitu kinagonga ndani. Nikaitikisa, na kupitia lile tundu lenye umbo la herufi f kikatoka kijiti, unene wa penseli, urefu wa kidole cha shahada. Fundi wa zamani alikisahau humo, au watoto walikitumbukiza. Nimekisafisha, nikakipunguza kidogo, na sasa kinafunga mlango wa banda la kuku. Kinafaa sana.

Daraja jipya nimelichonga kwa mti wa mshita, na kigingi vilevile. Kuhusu masikio: sauti nyembamba siku hizi hazinifikii. Ndege wadogo waliniacha tangu mwaka juzi. Kwa hiyo uzi wako mwembamba sikuusikia, lakini ule mnene niliusikia nikaridhika.

Msalimie mama yangu Nyasuguta, ambaye ana jina la mama yangu na tabia zake zote.

Baba mkwe wako,
Ogeto


Migori,
Jumapili, 11 Februari 2024

Kwa Baba mkwe,

Tunakusalimu, sisi sote tu wazima. Fidla imefika salama. Daraja ni zuri sana na kigingi kinazunguka vizuri. Inalia vizuri. Asante sana, Baba.

Mkaza mwana wako,
Mellen


Kendu Bay,
Jumapili, 10 Machi 2024

Mpendwa Mellen,

Mvua imeanza, mahindi tumepanda, na Mama yako anakutumia mtindi kwa mkono wa Motari. Akifika bila mtindi, muulize aliunywea wapi. Sisi hatujambo. Nauliza hali yako, na safari hii nauliza nikitaka jibu.

Nimefundisha miaka thelathini na minane. Mwanafunzi akisema "nimeelewa, Mwalimu" huku anafunga daftari, najua hakuelewa kitu. Barua yako ya kwanza ilijaa kurasa mbili. Ya pili ilikuwa ya mistari minne, na "vizuri" imo mara mbili. Tangu hapo, mwezi mzima, kimya.

Juzi nilimuuliza Motari, "Fidla ya mkeo inaliaje?" Akatazama dari. Akasema, "Baba, mimi ni mtu wa omena." Nikamuuliza tena. Akasema, "Iko kabatini." Nikamuuliza kwa nini fidla inayolia vizuri ikae kabatini wakati siku ya Sista inakaribia. Akakumbuka kwamba ana mteja Masara, wale wachimbaji wa dhahabu, na kwamba amechelewa. Alikuwa hajamaliza chai.

Mellen, najua chinsoni, ile heshima ya mkwe, inavyokubana. Inanibana na mimi. Nikikuona njiani nageukia shamba la jirani kana kwamba nina shughuli nalo, na jirani ameshaanza kuuliza nataka kulinunua. Lakini desturi zetu zimetukataza kushikana mikono na kuketi pamoja. Sikumbuki mahali ziliposema tusiambiane kweli. Karatasi haina uso. Niandikie kama unavyomwandikia mwalimu ambaye mtihani wake una kosa.

Kuna nini na fidla?

Baba mkwe wako,
Ogeto


Migori,
Jumapili, 24 Machi 2024

Kwa Baba mkwe, kwa heshima nyingi,

Mtindi ulifika nusu. Motari anasema ulimwagika. Masharubu yake yanasema mengine. Tunamshukuru Mama. Nyasuguta ameng'oka jino la kwanza, amelificha, na hatuambii liko wapi.

Baba, nimeandika barua hii mara tatu na kuichana mara mbili. Hii haichaniki tena kwa sababu daftari limeisha.

Kile kijiti hakikusahauliwa. Kinakaa ndani ya kila fidla. Kinasimama wima kati ya kifua na mgongo, bila gundi, kimebanwa tu na uzito wa nyuzi. Ndiyo maana Sista alinionya tangu nikiwa na miaka kumi na mitano: "Usitoe nyuzi zote kwa mara moja. Toa mmoja, weka mmoja. Ukizitoa zote, kijiti kitaanguka."

Fidla ilipofika nilikaza nyuzi, na sauti ikatoka kama ya mtu anayesemea ndani ya ndoo. Baada ya saa moja niliona kifua kimeanza kubonyea chini ya daraja. Nikazilegeza nyuzi palepale. Haijapasuka. Lakini haiwezi kupigwa hivyo, ikipigwa itapasuka. Iko kabatini tangu siku ile.

Kosa si lako. Nilijua onyo la Sista nilipokuandikia ile barua ya kwanza. Nilikuwa nimeliandika hata, "Tafadhali Baba usitoe nyuzi zote pamoja," kisha nikalitazama nikaona: mke wa mwanao anamfundisha baba mkwe kazi ya miaka arobaini? Nikanakili barua upya bila ule mstari. Kisha uliponieleza habari za banda la kuku, nikashindwa mara ya pili, nikaandika "vizuri".

Zimebaki wiki kumi na moja. Sista ana miaka sabini na tisa. Sijui nimwambie nini.

Naomba unisamehe.

Mkaza mwana wako,
Mellen


Kendu Bay,
Jumapili, 7 Aprili 2024

Mpendwa Mellen,

Kwanza afya: tunayo. Pili jino: mwambie mama yangu Nyasuguta alitupe juu ya paa, si chini ya godoro, najua ni chini ya godoro.

Tatu, kweli ulinipa, nami nitakupa yangu. Nilikasirika. Nilisoma barua yako nikaenda hadi gatini, nikayatazama maji ya ziwa kama yamenikosea, nikarudi, nikakasirika tena wakati wa chakula. Mama yako akauliza, "Ni ugali umekuudhi au ni mimi?" Nikampa barua asome. Alipofika kwenye kuku aliweka miwani mezani akacheka hadi akashika ukuta.

Basi tukaenda wote wawili bandani. Kijiti kilikuwa pale mlangoni, kimefanya kazi ya miezi miwili dhidi ya vicheche bila kulalamika. Lakini nilikuwa nimekikata, na sasa hakifiki. Itabidi nichonge kingine.

Kilichoniuma si kwamba nilikosea. Kilichoniuma ni kwamba nilikosea kwa sababu ya kujua. Mtu asiyejua chochote angekiona kijiti akakirudishia na swali. Mimi nilikuwa na obokano kichwani na sitar ya mzee Jivraj kichwani, nikapata kanuni nzuri kuhusu utupu, nikaiandikia mpaka aya. Kanuni ikanizuia kuona kitu nilichokuwa nimekishika mkononi. Nimesahihisha insha nyingi za namna hiyo.

Sasa hasira imekwisha, na hamu imeingia mahali pake. Kwa siku tatu nimekuwa nikifikiria kijiti hiki. Ngozi ya obokano inatetemeka peke yake na bakuli la mti linangoja tu. Lakini fidla ina kifua cha mbao na mgongo wa mbao, na kijiti hiki, kama naelewa, kinachukua habari za kifua na kuzipeleka mgongoni, ili vyote viwili viseme. Je, ndivyo? Kinasimama wapi hasa? Kibane kiasi gani? Unakiingizaje kupitia tundu lisilopitisha hata kidole? Miaka sabini na sita, na kuna kitu sikijui kabisa. Sikumbuki nilifurahi hivi lini.

Nifundishe. Usiache mstari hata mmoja, hata ule wa kunikataza.

Mwanafunzi wako kwa muda,
Baba


Migori,
Jumapili, 14 Aprili 2024

Kwa Baba,

Salamu nyingi kutoka nyumba ya mapengo. Jino la pili limefuata. Mvua imetukomesha, soko ni tope, lakini sote tu wazima, na mimi nimepata usingizi mzuri tangu nisome barua yako.

Nitakueleza kama Sista alivyonieleza. Ukiona nakuamrisha, kumbuka ni wewe uliyetaka.

Mbao iwe nyepesi na yenye mistari iliyonyooka. Saipresi ya paa inafaa, lakini kata upande usio na fundo. Kijiti kiwe mviringo, unene uleule wa cha kuku. Urefu utaupata kwa kujaribu: kisibane hadi kusukuma kifua juu, na kisilegee hadi kuanguka ukiitikisa fidla kidogo. Mistari ya kijiti ikatane na mistari ya kifua, isiende pamoja nayo. Mahali pake ni nyuma kidogo tu ya mguu wa daraja ulio upande wa uzi mwembamba. Unakichoma kwa waya uliopindwa, unakipitisha kwenye tundu kikiwa kimelala, unakisimamisha humo ndani. Waya wangu ulipotea. Nadhani spoku ya baiskeli ikinolewa itafaa. Ukiondoa kile kifungo cha chini kinachoshika mkia wa nyuzi, pana tundu dogo. Chungulia hapo kwa tochi ya simu utaona kama kimesimama wima.

Na ndiyo, Baba, umeelewa kazi yake sawasawa.

Limebaki jambo moja gumu. Mahali kamili hapapimwi kwa rula. Unene wa ukucha tu unabadilisha sauti yote. Mmoja anapiga, mwingine anasogeza, hadi fidla ifunguke. Anayepiga ni mimi, fundi ni wewe, na wewe na mimi hatuketi pamoja. Nimelifikiria hili hadi nikachoka. Motari anasema dirisha la jikoni kwa Mama liko hatua tatu kutoka barazani kwako, na kwamba Mama ana miguu. Nimemwambia asimwambie Mama kwamba amesema hivyo. Amemwambia tayari.

Shule zimefungwa. Tutakuja Jumatano, tarehe 24, tukikubaliwa.

Mkaza mwana wako,
Mellen


Kendu Bay,
Jumapili, 5 Mei 2024

Mpendwa Mellen,

Natumaini mlifika salama na madaraja yote ya njiani yalikuwa bado mahali pake. Sisi hatujambo, ingawa Mama yako anatembea kama askari mstaafu, na utajua ni kwa nini.

Wewe siku ile ulikuwa jikoni na mimi barazani, na kati yetu ukuta. Kwa hiyo nitakuandikia upande wangu wa ukuta, uwe na siku nzima.

Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika lakini kila kitu kilikuwa na unyevu, hata kiberiti. Kijiti nilikisimamisha kwa spoku kabla ya saa nne. Kiliniangukia mara saba. Mara ya nane kikasimama, nikachungulia kwa tochi, na Mellen, sikuwa nimejiandaa kwa jinsi mle ndani panavyopendeza. Ni kama ukumbi wenye nguzo moja. Nikamwita Mama aone. Akachungulia, akasema, "Kuna vumbi."

Kisha ikaja shida ya masikio yangu. Nitajuaje kwamba fidla imefunguka, kama nusu ya sauti zake hazinifikii? Hapo nikamkumbuka mzee Jivraj na nyuzi zake zisizoguswa. Nikaichukua obokano, nikaiweka mapajani, nikaweka uzi wa tatu katika sauti ya uzi wako wa pili kutoka ule mnene, kadiri nilivyoukumbuka kutoka Januari. Nikawaza hivi: kijiti kikikaa vizuri, fidla itasema kwa nguvu ya kutosha kupita dirishani na kuuamsha uzi huo. Sitahitaji sikio. Nitahitaji kidole.

Basi Mama akaanza safari. Anakuletea fidla, unapiga, kidole changu kiko kwenye uzi: kimya. Ananirudishia, nasogeza kijiti, anakuletea: kimya. Safari ya tano akasema, "Ogeto, wanaume wengine wa umri wako wanacheza bao." Ya tisa akasema, "Mwenye goti ni nani hapa?" Ya kumi na moja alinitazama tu. Motari alikuwa amejificha kwenye gari na magunia yake, akisema anayahesabu.

Safari ya kumi na nne jua lilikuwa limepita ukingo wa paa na kunifikia miguuni. Ukapiga. Na uzi wa tatu ukatetemeka chini ya kidole changu, Mellen, bila mtu kuugusa, kama ule wa duka la vitambaa miaka hamsini na mmoja iliyopita. Nilihisi kabla ya kusikia. Kisha nikasikia. Si yote, lakini nilisikia.

Nilipiga goti langu kwa kiganja, nadhani kishindo kilikufikia. Mama akaketi kwenye ngazi akasema, "Asiyeridhika na hiyo abebe mwenyewe." Kisha ukaendelea kupiga, wimbo wa taratibu nisioujua. Nilikufuata kwa nyuzi za chini, nikingurumisha kidogo, kwa heshima. Sijui kama ulinisikia.

Nenda kwa Sista ukiwa na amani.

Baba,
Ogeto


Migori,
Jumapili, 16 Juni 2024

Kwa Baba,

Pokea salamu zetu na za mtu mwingine utakayemjua sasa hivi. Tu wazima. Nyasuguta amejifunza kupiga mluzi kwa mapengo na ni adhabu kwa majirani wote.

Sherehe ilikuwa Jumapili iliyopita. Sista Valentine alikaa mbele kwenye kiti chenye mito, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, na fimbo mkononi. Nilipiga wimbo uleule wa taratibu ulioufuata barazani. Ndiyo, Baba, nilikusikia. Niliupiga mara mbili siku ile kwa sababu hiyo.

Nilipomaliza hakupiga makofi. Aliniita kwa kidole. Akasema, "Mellen, mwanangu, umebadilisha kijiti." Nikasema ndiyo, Sista. "Sauti imepata kifua. Nani fundi wako?" Nikasema baba mkwe. Akanikazia macho, maana yeye ni wa huku kwetu na anajua mambo. "Mlikaaje pamoja mkaifanya hiyo kazi?" Nikasema hatukukaa. Nikamweleza habari ya ukuta, na Mama, na obokano, na kuku. Alicheka hadi masista wawili wakaja kumshika. Kisha akaomba fidla, akaiweka begani mwenyewe, akapiga sauti nne tu, nyuzi tupu, moja baada ya nyingine. Akanirudishia. Akasema, "Msalimie huyo mzee. Mwambie nimeridhika." Sijawahi kumsikia akisema hivyo kuhusu chochote.

Ningeweza kumalizia hapo, na ingekuwa barua nzuri. Lakini kuna mstari ambao ningeuacha zamani, na hukuniuliza, kwa hiyo nauandika bila kuulizwa.

Baba, siku ile kijiti kilikuwa mahali pake tangu safari ya sita. Nilisikia fidla ikifunguka, nikangoja useme. Ukakisogeza. Kosa lilikuwa la obokano. Mvua ya asubuhi ilikuwa imelegeza ngozi, na uzi wako wa tatu ulikuwa chini kidogo ya fidla yangu. Niliusikia kupitia dirishani kila ulipougusa. Uzi hauitiki sauti isiyo yake. Wewe ndiye uliyeniandikia hivyo. Ulipotetemeka mara ya kumi na nne, ni kwa sababu ulikuwa umerudisha kijiti palepale pa mara ya sita, na jua lilikuwa limeikaza ngozi.

Safari nane za Mama zilikuwa za bure. Nilijua, nikanyamaza.

Na nadhani bila jua uzi huo wa tatu umerudi chini.

Binti yako,
Mellen


Kendu Bay,
Jumapili, 23 Juni 2024

Mellen, binti yangu,

Hali zetu njema, isipokuwa kwamba barua yako aliifungua Mama kabla yangu. Nilisikia kutoka shambani, mimi nisiyesikia: "Safari nane, Ogeto! Kwa goti hili!" Anasema mkija Agosti, wewe ndiye utakayeteka maji, na mimi nitabeba chai ya kila mgeni. Tumekubali wote wawili, bila kesi.

Nimeujaribu uzi wa tatu. Uko chini. Nimeukaza.

Nakurudishia ukurasa wa mwisho wa barua yako. Kalamu nyekundu hatimaye imepata kazi: tazama pembeni, mahali uliposema kosa lilikuwa la obokano. Nimeweka alama ya vema. Kisha nikaongeza nyingine, ya kusema bila kuulizwa.

Baba